Moshi wa Ubani katika Chumba cha Djamila

Ti. Ti. Ti.

Rabia alifungua macho gizani. Tone la maji lilikuwa likianguka ndani ya beseni, kando ya godoro la watoto. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi imeshika Lubumbashi yote. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa nne. Basi, maji haya yanatoka wapi?

Kisha akasikia sauti nyingine. Fiii... fiii... Hiyo aliijua. Kilikuwa kifua cha Djamila, binti yake wa miaka sita. Rabia alimwinua, akamkalisha wima, akampa dawa ya kuvuta aliyopewa kwenye dispansari. Akamsugua mgongo polepole mpaka adhana ya alfajiri ikaita.

Familia hiyo ilipanga chumba kimoja katika mtaa uitwao Kenya, humo humo Lubumbashi. Watu watano walilala humo. Kwa sababu ya baridi, Rabia aliziba dirisha kwa nguo. Jioni aliingiza ndani mbabula, lile jiko la makaa, ili watoto wapate joto. Aliona anawalinda.

Lakini asubuhi hiyo moyo wake uliruka kwa furaha. Nyumba yao wenyewe, kule Kasungami pembezoni mwa mji, ilikuwa karibu kwisha.

"Kesho mabati inapanda!" alisema Zakari, mume wake, akivaa viatu. "Mama Djamila, kesho! Leo usisahau ubani."

"Nitasahau ubani namna gani? Wewe usisahau kichwa yako."

Desturi hiyo Rabia aliipata kwa bibi yake wa Maniema. Kabla nyumba haijaezekwa, mama wa nyumba huwasha ubani katika kila chumba, na watu husoma Fatiha.

Walipofika Kasungami mchana huo, pamoja na watoto, Zakari alisimama barabarani kwanza. Daima alianza hapo. Kazi yake ilikuwa kuunga vyuma, na madirisha yote matatu ya nyumba yalitazama barabara. Kila moja lilikuwa na antivol, vyuma vya kuzuia wezi, alivyovipinda kwa mikono yake: maua, nyota, ndege. Ukuta wa nyuma ulikuwa matofali matupu, toka pembe hadi pembe.

"Kila muntu mwenye anapita ataona kazi yangu," alisema. "Kule nyuma nani ataona? Ni bezi tu, benye kuiba usiku."

Rabia aliwasha ubani sebuleni. Nyumba haikuwa na paa, moshi ukapanda moja kwa moja mbinguni. Wakasoma, wakacheka, wakaingia chumba cha watoto. Humo mafundi walikuwa wamehifadhi saruji, na juu walifunika turubai. Moshi ukapanda, ukagonga turubai, ukashuka. Ukabaki hapo hapo, mzito, kama unangoja kuambiwa pa kwenda.

Djamila akakohoa. Mara moja, mara mbili. Kisha, fiii...

Rabia alimbeba mbio mpaka nje, akampa dawa yake. Chumba kipya! Hata hajalala humo usiku mmoja!

Juu ya ukuta wa jirani kikatokea kichwa chenye kitambaa chekundu. Alikuwa Chilufya, jirani yao mpya. Alisoma ujenzi kwenye shule ya ufundi, na sasa alisimamia mafundi mjini. Alimwangalia mtoto mpaka pumzi yake ilipotulia. Ndipo akazunguka, akaingia na viatu vyake vya mpira.

"Mama Djamila, usizimishe ile ubani," alisema. "Mutoto abaki huku nje. Sisi bakubwa tuingie. Angalia: moshi inaenda wapi?"

Rabia alitazama. "Haiendi."

"Njo vile, haiendi. Na pumzi ya batoto, usiku, nayo haitaenda."

"Eh, Madame enjeniere!" Zakari alicheka, lakini cheko lake lilikuwa fupi. "Dirisha si ile pale? Kubwa hivi! Na maua!"

"Maua iko muzuri, Papa. Lakini hewa iko sawa na bantu mu soko. Kama hakuna njia ya kutokea, mbele banasongamana, hakuna mwenye anaingia. Dirisha moja haitoshe. Inaomba ingine, upande wa pili."

Rabia alikumbuka beseni. "Yaya Chilufya," alimwita kama dada yake mkubwa, "kule Kenya maji inaangukaka toka mabati, na mvua hakuna."

"Ile maji ni pumzi yenu. Munafunga yote, pumzi inapanda, inakuta mabati ya baridi, inageuka maji. Ukuta nao unalowana. Nyuma ya godoro hakuna weusi?"

"Iko," alisema Rabia kwa sauti ndogo. Kila juma aliufuta kwa kitambaa, kila juma ulirudi.

"Ule ni ukungu. Kifua ya mutoto haipendi ule. Na mbabula munaingizaka?"

Rabia aliinamisha kichwa. Chilufya akamshika mkono.

"Mama, si kosa yako, hakuna mwenye alikuambia. Lakini usiingize tena, hata makaa ikiwa nyekundu bila moshi. Inatoa hewa mubaya yenye haina harufu. Bantu banalala, habaamuke. Baridi ikikuya, ongeza blanketi."

Zakari alikuwa bado anapambana. "Na bezi? Nikitoboa nyuma, bezi batashukuru sana!"

"Toboa mashimo mbili juu, karibu na mabati. Mwizi gani ataingiza kichwa pale? Na chini weka dirisha, na antivol yako."

"Antivol ya nyuma! Nani ataiona?"

Rabia alimtazama mume wake.

"Djamila ataiona," alisema.

Zakari akatoka, akaenda kuchuchumaa mbele ya binti yake. Alisikiliza kile kifua kidogo. Aliporudi, alishika nyundo.

"Anaclet!" alimwita fundi. "Leta ngazi!"

Chilufya alichora kwa chaki. Anaclet alipiga: ko! ko! ko! Tofali likatoka, la pili likatoka. Hapo hapo upepo wa mashariki ukaingia. Moshi ukashtuka, ukalala ubavu, ukakimbilia dirisha la mbele kama mtu aliyesikia jina lake.

"Inaenda!" alipiga kelele Rabia. "Baba Djamila, inaenda!" Akapiga vigelegele hata majirani wakatoka.

Mabati hayakupanda kesho yake. Yalingoja wiki nzima, mpaka saruji ya juu ya dirisha jipya ishike vizuri. Zakari alikuwa kama mtoto wa sikukuu. Alimwuliza Djamila anataka antivol ya nini. "Ya kuku na batoto yake," alisema Djamila. Zakari akapinda chuma siku tatu, kuku na vifaranga wanne. Vyumba vingine navyo vikapata njia ya hewa nyuma. Chilufya alishauri mabati yatokeze mbele, yazuie jua kali la jioni. Kila tundu likawekewa wavu wa mbu. Jiko likajengewa kibanda uani.

"Sasa tuhame!" alisema Zakari.

"Ngoja ukuta ikauke," alisema Chilufya. "Nyumba mubichi nayo inaleta ukungu."

Walihamia mwisho wa mwezi wa nane. Usiku bado ulikuwa na baridi. Rabia aliwafunika watoto blanketi mbili mbili. Kisha, kwa mazoea tu, akaweka beseni kando ya godoro, na dawa ya Djamila karibu na mkono.

Alipofumbua macho, adhana ilikuwa imepita. Hakuna ti. Hakuna fiii. Akainuka mbio, akaingia chumba cha watoto, akagusa beseni.

Lilikuwa kavu.

Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la nyuma, na kivuli cha kuku na vifaranga wake kilitembea ukutani. Zakari alikuwa amesimama mlangoni. Djamila akaketi, akasugua macho, akavuta pumzi ndefu.

"Mama," alisema, "nililala mupaka asubui."