Mkono wa Kushoto wa Godelive

Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma Godelive alipofika kwa washona viatu, nyuma ya soko kuu la Bunia, na mpira uliopasuka ndani ya kapu la nyanya. Motari wa pikipiki za abiria walipiga honi, vumbi jekundu likapanda mpaka kwenye kope. Alivaa jezi ya zamani iliyopauka na kikwembe cha kijani alichofunga ovyo, kwa sababu siku hiyo hakuwa na moyo wa kupendeza.

Fundi Vital, mwanaume mwembamba mwenye aproni ya turubai, aliuchukua mpira akaugeuzageuza.

"Hii ni chungwa ao ni nini, mama?"

"Ni mpira. Unaweza kuushona ao huwezi?"

"Mpira mudogo hivi, mutu anaupiga na mguu namna gani?"

"Haupigwi na mguu. Na leo sina nguvu ya kueleza, papa. Shona tu."

"Bon. Nitashona. Lakini ukirudi kuuchukua utanieleza, ao ninaukula."

Godelive alicheka bila kutaka, na kicheko hicho kilimshangaza mwenyewe, maana kilikuwa hakijatoka siku nyingi.

Aliporudi alimweleza. Vita ilipoichoma Bunia alikuwa mtoto, na familia yake ilikimbilia Uganda. Huko shuleni wasichana walicheza softiboli: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, halafu mbio. Yeye alikuwa mrushaji. Mkono unazunguka duara zima, unapita kando ya nyonga, mpira unatoka chini chini, mpigaji anabaki anapiga hewa. Alirusha kwa klabu ya Kampala ujana wake wote. Aliporudi nyumbani alikusanya wasichana, wengi wao kutoka kambi ya waliokimbia mauaji ya Djugu, akawafundisha. Sasa alikuwa kocha, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kurusha, alikuwa bado mrushaji pia.

"Kumbe njo maana umechoka hivi," Vital alisema. "Uko mwalimu na mwanafunzi."

Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa mipira kupasuka. Godelive mwenyewe hakuelewa kwa nini ilipasuka mara nyingi kuliko zamani. Simu zikaanza.

"Allô, Chungwa yangu. Umekula nini?"

"Sombe na muhogo."

"Bila samaki?"

"Bila samaki, Vital. Mi niko kocha, siko gavana."

"Basi kesho ninakuletea samaki ya ziwa, ya kutoka Tchomia. Nisikilize kidogo: ukicheka kwa simu, mukono yangu inakosea sindano."

"Basi shona, usinisumbue," alijibu, na hakukata.

Jambo moja hakumwambia. Bega lake la kulia lilikuwa limekwisha. Kila siku ya mechi alimeza vidonge, akajipasha moto, akarusha. Siku iliyofuata vidole vilikufa ganzi, na mkono haukuweza hata kushika kitana. Alificha kwa sababu Fabien, rais wa klabu ya wasichana hao, alikuwa amesema wazi: mechi ya mwisho ni dhidi ya Aru, mshindi anavuka mpaka kwenda Uganda, kwenye mashindano ya Arua, na bila mrushaji hakuna timu. Wasichana wale walikuwa wameona nyumba zikiungua. Safari hiyo ndiyo kitu cha kwanza kizuri walichoahidiwa. Halafu, tuseme ukweli, Godelive aliogopa. Tangu utotoni watu walimjua kwa mkono ule. Ukiondoka, yeye ni nani?

Vital akaomba amtambulishe kwa mama yake, Bernadette, kule Mudzipela. Wakapanga Jumapili. Jumamosi, siku moja kabla, kulikuwa na mechi ya kawaida, na Godelive alirusha.

Jumapili Godelive alivaa kikwembe kipya cha buluu chenye ndege weupe na blauzi yake. Jirani ndiye aliyemsuka. Alipendeza, na uso ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi. Mama Bernadette alisimama mlangoni na kitambaa cha kanisani kichwani, akanyoosha mkono wa kulia.

Godelive alijaribu. Bega likakataa. Akampa mkono wa kushoto.

Mama yule hakuushika. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha akaurudisha kwenye kikwembe chake akaufuta. Walipoketi, Godelive alichukua jagi amnawishe mama mkwe, kama inavyompasa mgeni mdogo, akammiminia maji kwa kushoto. Bugali ilipoletwa alijua hawezi kukata tonge kwa kulia, wala hawezi kula kwa kushoto mbele ya mama yule. Akasema hana njaa. Mambo hayo matatu, katika nyumba ya mama Bernadette, yalitosha kuvunja hata ndoa iliyokwisha kufungwa.

Jioni simu ililia.

"Mama analia," Vital alisema. Safari hii hakumwita Chungwa. "Anasema umemusalimia sawa mutu anafukuza kuku. Anasema umekaa Kampala mingi, sasa unatuona siye watu wa ovyo. Na chakula yake umeikataa."

"Sikumudharau."

"Basi juu ya nini, Godelive? Niambie neno moja tu, nikapeleke kwake."

Alifungua mdomo. Akilini akamuona Fabien akikunja karatasi ya safari, akawaona wasichana. Vital alikuwa na mdomo mwepesi, angemwambia mama, na mama angewaambia watu wa kanisa zima.

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi ao hutaki?"

"Nimechoka, Vital."

"Na mi nimechoka," alijibu, akakata.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Vital aligombana na wateja na kushona soli upande usio wake. Godelive alifundisha kwa mdomo tu, mkono umelala kando. Kila simu ikilia aliitazama upesi, na kila mara alikuwa Fabien. Alimpenda yule mshona viatu, alijua hivyo bila shaka yoyote, na alikuwa anampoteza kwa ajili ya bega ambalo halingepona.

Siku ya mechi na Aru uwanja wa shule ulijaa. Vital alikuja kuleta mpira wa mwisho aliouahidi. Aliuacha kwa Fabien, akageuka aondoke, halafu akaghairi. Akasimama nyuma ya watu.

Godelive alirusha vizuri mwanzoni. Wapigaji wa Aru walipiga hewa, wasichana wakaimba. Kisha mpira mmoja ukamtoka vibaya ukaanguka karibu na miguu yake. Aliuokota kwa mkono wa kushoto, ule wenye glavu. Akataka kufuta jasho machoni, akafuta kwa kushoto. Mdakaji alimrudishia mpira, Godelive akaudaka kwa glavu ya kushoto akauacha humo humo, na mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia kama kitu cha mtu mwingine.

Vital, ambaye kazi yake ni kutazama mahali kitu kinapochanika, alitazama. Akakumbuka jagi la maji.

Godelive alijaribu tena. Bega lililia, na safari hii wote wa karibu walisikia alivyoguna. Akasimama pale katikati, uwanja mzima ukimngoja. Halafu akamwita Ketsia, msichana mrefu wa kambini aliyekuwa akimwiga nyuma ya mistari kila siku.

"Kuja. Rusha weye."

"Kocha, mi sijui. Tutapigwa."

"Labda tutapigwa. Mi siwezi tena, mwanangu. Mukono yangu imekwisha."

Ndivyo alivyosema, kwa sauti, mbele ya Fabien na watu wote. Akampa mpira, akatoka, na mtu aliyekuwa mrushaji tangu shuleni hakuwa mrushaji tena. Ketsia alirusha vibaya mara nyingi na vizuri mara chache. Aru walishinda. Arua hawakwenda.

Vital alimkuta nyuma ya darasa, amefunga mkono kwa kikwembe.

"Ni hii mukono ulimunyima mama?"

"Njo hii."

"Na ukaniacha nikukasirikie wiki nzima."

"Ningekuambia, wangekosa safari. Sasa wameikosa, na weye nimekukosa. Nimefanya hesabu mubaya."

"Nani amesema umenikosa?" Aliketi chini kando yake, suruali nzuri ya krimu kwenye vumbi. "Mi niko mujinga, Chungwa. Nilikuona unamwaga maji, sikuuliza unaumwa wapi."

Godelive aliweka kichwa begani kwake akalia, bila aibu.

Siku chache baadaye alikuwa uwanjani akimfundisha Ketsia kuzungusha mkono, akieleza kwa kushoto, mama Bernadette alipotokea na sufuria iliyofunikwa, Vital akimfuata nyuma. Godelive alisimama, hajui afanye nini na mikono yake.

Mama alimpa Vital sufuria. Akanyoosha mkono wake wa kushoto.

"Nimesikia ile ingine inaumwa," alisema. "Basi tusalimiane na hii yenye iko muzima. Nilikuhukumu mbele ya kukuuliza, mwanangu. Unisamehe."

Godelive aliushika. Ulikuwa mkavu na wenye joto, na mama hakuuachia upesi.

"Mama," Vital alisema, "unamusalimia ao unamuoa?"

"Kuoa ni kazi yako. Mi nimeleta samaki."

Vital alikohoa. Alikuwa amepanga maneno mengi mazuri njiani, yote yakampotea.

"Godelive, nitume wajomba kwenu?"

Alimtazama mshona viatu, sufuria mikononi, shati la njano limelowa jasho.

"Mi nimechoka, Vital. Sina mukono ya kufua, sina timu ya kwenda Arua. Unataka kuoa mutu mwenye amechoka?"

"Najua umechoka. Njo naomba ukuje uchokee kwetu."

Mkono wake ulikuwa ungali ndani ya mkono wa mama.

"Watume," alisema. "Lakini mungoje kidogo hapo chini ya kivuli. Ketsia hajamaliza kurusha."