Mpangaji wa Chumba Kidogo

Treni ya mji wa Wuppertal, Ujerumani, ile inayoning'inia juu ya mto, ilisimama ghafla asubuhi ikiwa imejaa watu pomoni. Kahawa ya Birte Osterkamp ikammwagikia mwanaume aliyesimama mbele yake, kwenye suruali nyeupe ya fundi rangi.

"Lo! Nimezoea kumwagikiwa rangi, dada, si kahawa."

"Samahani jamani. Nitakufulia."

"Niivue hapa hapa?"

Abiria wakaangua kicheko. Birte, na koti lake la kijani lililofungwa mpaka kidevuni, akaiva uso. Fundi mwenyewe alikuwa Gernot Pohlig, mabega mapana, nywele zimejaa vumbi la plasta. Kabla treni haijaondoka alishapata namba yake ya simu.

Birte hakuwa na kazi. Kiwanda cha zipu alichokitumikia miaka kumi na mmoja kilikuwa kimefungwa, na sasa aliishi kwa posho ya wasio na kazi. Alimweleza Gernot wiki ya pili, wakila chapati za viazi na rojo la tufaha.

"Kumbe serikali ndiyo inayokulisha?"

"Inanilisha. Kunivisha imeshindwa."

"Hamia kwangu, kipanya changu. Kodi mbili za nini?"

"Ofisi ya posho ikijua tunalala kitanda kimoja, watasema mshahara wako unatutosha wote wawili. Posho yangu watakata."

"Basi uwe mpangaji wangu. Chukua kile chumba kidogo. Tutaandikiana mkataba."

Waliuandika huku wakichekana. Chumba kidogo kikawekwa kitanda chembamba chenye shuka la maua, na hakuna aliyewahi kukilalia. Mchana Gernot alikuwa akipiga simu kutoka kazini, juu ya ngazi.

"Haloo, mpangaji! Kodi iko wapi?"

"Njoo uichukue mwenyewe, mwenye nyumba."

Mwaka ukatimia, na barua ikaja. Mwanamke na mwanaume wakishakaa pamoja mwaka mzima, ofisi huwahesabu kama mke na mume mpaka wao wenyewe waonyeshe kwamba sivyo. Mkaguzi angekuja tarehe tisa. Jioni ya tarehe nane walifanya mazoezi ya majibu, hata kicheko cha Gernot.

Mkaguzi, Bi Kruse, alikuja na koti la mvua la kijivu. Alikuwa na sauti ya upole. Alitazama makabati, akauliza nani humfulia nani, kisha akaketi jikoni.

"Bwana Pohlig, huyu ni mpenzi wako?"

"Huyu?" Gernot akacheka kama walivyopanga. "Mpangaji tu."

"Mwaka mzima?"

"Mama, hebu mtazame. Anashinda na gauni la kulalia mpaka saa saba mchana. Kazi hatafuti. Akianza kuongea, naomba simu iite ili nitoke."

Hayo hayakuwa kwenye mazoezi. Birte alimtazama akisubiri amkonyeze. Gernot hakumkonyeza. Uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu anayetua mzigo alioubeba muda mrefu.

"Na kizazi hana," akaendelea. "Nani atamtaka?"

Hilo Birte alimnong'oneza Gernot Jumapili moja, na hakuwahi kumwambia mtu mwingine duniani.

Machozi yakamtoka kabla hajayazuia. Bi Kruse akampa kitambaa, akasubiri atulie, kisha akaweka alama kwenye karatasi yake.

"Mpangaji asingelia hivyo," alisema.

Posho ikakatwa. Kuanzia hapo Birte alimwomba Gernot kila kitu, nauli, sabuni, hata pedi.

"Pedi tena? Si juzi tu nimekupa?"

Wiki ya tatu alipakia nguo zake, akaenda kulala sebuleni kwa dada yake, katika mji jirani wa Remscheid. Ili posho irudi, ilibidi ajaze fomu ya kutengana. Alikuwa akiijaza mezani simu ilipoita.

"Birte, mpenzi, rudi. Nilisema vile kwa ajili yako. Si unajua ulikuwa uongo?"

"Gauni la kulalia lilikuwa uongo?"

Gernot akasema, "Tuoane. Ofisi imeshatuhesabu mke na mume. Sasa tuoane kweli."

Neno hilo Birte alilisubiri mwaka mzima. Lililomuumiza zaidi ni kwamba moyo wake uliruka kwa furaha alipolisikia. Akaishika kalamu tena.

"Gernot, wanauliza hapa kwenye fomu tulitengana lini. Yule mama alikuja tarehe ngapi?"

"Tisa. Lakini Birte, nisikilize..."

Akaandika tisa, akakata simu.