Sawa Kabisa, Mama

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akala, kisha akaketi kwenye kigoda karibu na meza ya kupigia pasi. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika, na mwezi ule mdomo huo ulikuwa umepata kazi. Alikuwa akimsomesha mama yake.

Mama alikuwa karani katika ofisi ya mawakili. Sheria alikuwa ameisoma chuoni, lakini ili aruhusiwe kusimama mahakamani na kumtetea mtu, ilimbidi afaulu mtihani wa uwakili. Alikuwa ameufanya mara moja, akaanguka. Sasa alikuwa akijiandaa kuurudia, na mkuu wa ofisi alimruhusu kutoka kazini mapema. Aliandika maswali kwenye kadi, na majibu nyuma yake, akamkabidhi Chiriku.

"Haya, Mheshimiwa Hakimu, niulize," Mama alizoea kusema huku akinyoosha kola ya shati kwa pasi. Chiriku alijikohoza, akakunja uso kama mtu mzima, akasoma swali. Mama alicheka, akajibu.

Lakini mtihani ulipokaribia, kicheko kilikwisha. Mama alisoma tangu atoke kazini hadi usiku wa manane bila kupumzika, akipigia mistari ya rangi karibu kila sentensi. Alikonda. Baba, ambaye alikuwa fundi wa feni na redio, alijaribu kumtania, akajibiwa kwa mkato, akarudi kwenye bisibisi zake.

Alasiri moja Chiriku aliuliza, "Mtu anapofungua kesi ya madai, hati yake ni lazima ieleze nini?"

"Majina ya wanaodaiana," Mama alijibu upesi. "Chanzo cha madai. Na kile mdai anachoomba."

Chiriku aligeuza kadi. "Umesahau moja. Ieleze pia kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka ya kusikiliza kesi."

Mama aliisimamisha pasi. "Hilo si nimelisoma jana tu?" Aliketi, akafunika uso kwa viganja. "Kichwa changu pakacha. Kila nikitia, kinavuja. Nitaanguka tena, wanicheke tena." Mabega yake yalianza kutikisika.

Chiriku hakuwahi kumwona mama yake akilia. Jioni ile Mama hakugusa chakula.

Kesho yake walipoanza, Mama alikosea swali la kwanza kabisa. Chiriku alilitazama jibu nyuma ya kadi. Kisha akamtazama Mama, macho yake mekundu yakimsubiri.

"Sawa kabisa, Mama," alisema.

Uso wa Mama ulikunjuka. "Kweli?"

"Kweli. Umelijibu lote."

Tangu siku hiyo, kila Mama alipokosea au kusahau, Chiriku alimvisha kilemba cha ukoka. Mama alianza kula. Alianza hata kuimba akifua. Aliziruka sura nzima za kitabu, akisema hizo amekwisha kuzimaliza. Chiriku alifurahi, ila furaha yake ilikuwa na mwiba ndani. Usiku alijiambia kwamba mama yake atayakumbuka tu yale majibu, mtihani ukifika.

Jumamosi moja, Mama na wenzake waliokuwa wakijiandaa walifanya jaribio ofisini, na mkuu wa ofisi akalisahihisha. Mama aliondoka nyumbani akipepea. Alirudi mchana akiburuta miguu.

"Nimekuwa wa mwisho," alimwambia Baba. "Wa mwisho kabisa. Na maswali yenyewe nilikuwa nayajua! Mtoto ni shahidi, ameniuliza yote." Alicheka kicheko kikavu. "Basi. Sifanyi huo mtihani. Nitamgawia mwenzangu vitabu, vimfae yeye."

Alivuta sanduku la katoni, akaanza kupanga vitabu ndani.

Chiriku alitoka mbio hadi uani. Baba alimfuata, akamkuta amejibanza kando ya pipa la maji. Kwa mara ya kwanza maneno yalimtoka polepole, moja moja. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Nisemee wewe, Baba," Chiriku aliomba.

"Hapana, mwanangu. Kamwambie mwenyewe. Mimi nitasimama mlangoni."

Chiriku alipiga moyo konde, akaingia. "Mama, hukuwa unayajua. Nilikudanganya."

Mikono ya Mama iliganda juu ya sanduku. "Tangu lini?"

"Tangu ulipolia."

Chiriku alingoja kofi, au makaripio. Havikuja. Mama alimtazama tu, kama mtu anayemtazama mgeni, kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Jioni hiyo hakumwita Hakimu wala Chiriku. Alimwambia "kalale", basi. Chiriku aliona heri angechapwa.

Siku ya pili Mama alimwita mezani. Vitabu vilikuwa vimetolewa katika sanduku.

"Nimekasirika," alisema, "na bado sijamaliza kukasirika. Umenipotezea muda nisioweza kuupata tena. Lakini kosa jingine ni langu. Ulipokuwa ukinisahihisha, nililia kama niliyetukanwa. Nilitaka sifa, sikutaka maswali. Na kusoma kwenyewe nilikuwa nikipaka rangi tu, jibu liko mbele ya macho yangu, nadhani limeingia kichwani." Alimsogezea kadi. "Unaweza kuniuliza tena, lakini kwa haki?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

Walianza upya. Kalamu za rangi zilitiwa kwenye droo. Mama alisoma kurasa chache, akafunga kitabu, akaeleza kwa maneno yake mwenyewe. Baba, ambaye hakujua sheria hata chembe, alikubali kuwa mwanafunzi.

"Kwa hiyo mtu asiponilipa ufundi wa feni yake, siwezi kumshtaki kwenye mahakama yoyote tu?" aliuliza.

"Huwezi. Nitakueleza kwa nini," Mama alijibu, na alipokwama katika kueleza, ndipo alipojua pa kurudia. Kadi alizokosea zilitengwa, zikawa ndizo za kuanza nazo kesho. Akichoka, walitembea pamoja hadi mwisho wa barabara na kurudi. Usiku alilala.

Haikuwa rahisi. Siku nyingine kadi zilizotengwa zilikuwa nyingi kuliko zile nyingine. Siku moja Mama alikosea swali aliloeleza vizuri asubuhi, na machozi yakaanza kumlengalenga. Chiriku alihisi lile neno tamu likimjia ulimini. Alilimeza.

"Hapana, Mama," alisema kwa sauti ya kutetemeka. "Umesahau moja."

Mama alifumba macho, akavuta pumzi. "Ipi? Usiniambie. Ngoja nifikiri."

Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akaitaja.

Mtihani ulikuja, ukapita. Matokeo yalipotoka, Mama alisoma simu yake mara kadhaa kabla ya kuiamini. Alikuwa amefaulu, si kwa alama za kutangazia mtaa, lakini amefaulu. Baba alipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Mama alimvuta Chiriku kifuani.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Siku ile ulinihurumia, na huruma si kosa. Kosa ni kuificha kweli. Mtu asiyeambiwa amekosea wapi, atajirekebishaje? Ukimpenda mtu, mwambie ukweli kwa upole, kisha ukae naye mpaka aupate. Na wewe ukiambiwa, usimkimbie aliyekuambia."

Chiriku alitulia mikononi mwake. Kisha akajitoa polepole, akainamisha kichwa.

"Mama, hesabu za sehemu hazinielei hata kidogo. Nilikuambia naelewa."

Mama alivuta kiti cha pili karibu na chake.

"Kaa," alisema. "Nionyeshe panapokushinda."