Zamu Isiyopokewa

Siku ilianza vizuri tu. Mjomba alikuwa uani akinyoosha waya wa kuanikia nguo, mkewe akimkosoa kutoka dirishani, nami nimekuja kuwasalimu na, niseme ukweli, kula chakula chao cha mchana. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu meli yake izame. Wenye midomo yao mtaani walisema mjomba amerudi mwili tu, akili kaiacha baharini. Waongo wakubwa. Mjomba ana akili kuwashinda wote.

Kazi yake ilikuwa kupaka grisi katika chumba cha mashine. Kule chini huwezi kusikia hata sauti yako mwenyewe, kwa hiyo watu hupokezana zamu kwa spana. Anayemaliza hugonga bomba mara tatu: njoo unipokee. Anayeingia hugonga mara mbili: nimepokea. Kabla ya hizo mbili, hakuna anayeondoka. Ipo na ishara ya mwisho, mapigo mfululizo: zimeni mashine, wote juu. Hiyo ni ya fundi mkuu peke yake.

Siku ya ajali, saa kumi alasiri, mjomba alikuwa ampokee rafiki yake waliyemwita Pilipili kwa ukali wa ulimi wake. Alizisikia tatu zake kwenye bomba, akasema acha kwanza anung'unike kidogo, nimalizie chai. Ndipo meli ikapasuka. Pilipili hakutoka.

Tangu mjomba arudi, kila saa kumi alasiri bomba la jikoni liligongwa mara tatu. Fundi bomba alifungua, akafunga, akasema ni hewa. Mkazamjomba hakudanganyika. Alimwonya mumewe kwamba akijibu, ameipokea zamu, na zamu yenyewe iko chini ya bahari. Mjomba hakujibu. Lakini alikuwa anakonda, maana mwenzake alikuwa bado anangoja.

Siku hiyo niliyowatembelea tulijisahau, saa kumi ikatukuta. Mjomba alikuwa jikoni akikoroga chai, sote watatu tukimcheka jirani aliyejifungia nje ya nyumba yake.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mkono una mazoea yake. Kwa miaka ishirini mkono wa mjomba ulijibu tatu kwa mbili. Kabla hajawaza, kijiko cha chai kilikuwa kimeshagonga bomba.

Mara moja.

Mkewe akamdaka mkono kabla ya pigo la pili. Bomba likaanza kupata moto, rangi yake ikavimba. Sinki likatoa harufu ya dizeli. Tatu zikaja tena, za haraka. Tena. Tena. Sakafu ilikuwa inatetemeka chini ya miguu yangu.

"Niachie," mjomba alinong'ona.

"Sikuachii. Wewe ni wangu, si wa bahari."

"Simpokei. Niamini, mke wangu."

Mkewe akamtazama usoni. Akamwachia.

Mjomba alikuwa analia, na hasira imempanda. "Fundi mkuu hakuipiga ile ishara," alisema. "Alikuwa wa kwanza kwenye boti ya kuokolea. Basi naipiga mimi, mpakaji grisi tu."

Akagonga. Mfululizo, bila kupumzika, hadi kijiko kikapinda, akachukua mwiko akaendelea. Zima, Pilipili. Panda juu. Hakuna zamu tena.

Bomba likanyamaza. Likapoa.

Kisha kitu kikapita katikati yetu kuelekea mlangoni. Baridi. Kimelowa. Mkazamjomba alikipisha, akakitakia safari njema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Kwenye sementi zilibaki nyayo za mafuta meusi, kutoka kwenye sinki hadi nje. Tumezisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa, na zipo hadi leo. Ila ni za watu wawili. Za kwanza ni za buti. Za pili ni za miguu mitupu, na wa kushoto hauna kidole kidogo.

Mjomba alivua kandambili. Kidole chake kidogo cha kushoto kilikatwa na mlango wa chuma siku ileile ya ajali. Akaweka mguu juu ya wayo ule, ukaenea sawasawa.

Mkewe alijifunika mdomo. Mjomba alizifuata nyayo kwa macho hadi zilipoishia barabarani.

"Na huyo niliyemwacha baharini naye aende," alisema. "Mimi sitoki hapa."