Tension ya Jephté mu Pori ya Kalunguta

— Nyoosha mukono, Monsieur Jephté.

Nilisema "monsieur" juu sikujua nimuite namna gani. Mwaka mmoja na miezi mbili mbele ya ile siku, huyu mwanaume alikuwa fiancé, muchumba wangu. Siku familia yake ilipaswa kuleta mbuzi za mahari kwetu Butembo, hakuna mutu alitokea. Baba mudogo, mwenye kusimamia ndoa yangu, alisema tumezarauliwa, akafunga maneno. Simu ya Jephté haikupita siku mbili. Ilipopita, mimi nikakataa kupokea. Kiburi tu, niseme ukweli.

Sasa alikuwa mwalimu kule Beni, na alijiandikisha mu recherche, utafiti wangu juu ya pori. Kila samedi, ile Jumamosi, muuguzi wetu, infirmière Godelive, alipima batu tension, presha ya damu, banakaa masaa mbili mu pori bila simu, kisha mimi napima tena. Kama pori inatuliza mwili kweli, vijana ba Kalunguta bangepokea watalii wenye kutafuta pumziko. Tension ya batu makumi mbili na tisa bote ilishuka. Ya Jephté pekee ilipanda: kumi na mbili akiingia, kisha kumi na tano akitoka.

Samedi ya pili, vilevile. Nikaanza kuogopa ni mugonjwa. Nilitamani kumuuliza kama analala vizuri, nani anamupikia, lakini nilishika kalamu yangu na kuandika.

Samedi ya tatu niliitwa bureau Butembo. Godelive akabaki kupima peke yake. Saa kumi akanitumia message:

"Yaya Katungu, dada yangu, mutu wako leo ameshuka, kumi na moja. Nikamudanganya kama umefika, nikapima tena: kumi na tano. Ule hapana mugonjwa."

Niliisoma mara tano kama mujinga. Wiki yote sikufanya kazi ya maana. Nilimutamani mpaka chakula kilinishinda.

Samedi ya ine nikamuita pembeni.

— Nakutoa mu recherche. Unaniharibia matokeo.

— Donc basi, unanikataa mara ya pili.

— Nani alikataa mwenzake? Hamukukuja.

Akatingisha kichwa.

— Tulikuja, Katungu. Barabara ilifungwa juu ya masasi ya mapigano, tukalala njiani na mbuzi. Kesho yake tukafika. Baba mudogo wako alitusimamisha kwa mulango, akasema umeisha kupata mwengine.

Nikapiga simu palepale, sauti wazi, Jephté asikie.

— Baba mudogo, mbuzi za Jephté zilifika?

Akakohoa. Akaniuliza nani ameniambia. Nikarudilia.

— Zilifika kesho yake, akasema. Siku ya mapatano ilikuwa imepita. Batu wangetucheka.

— Na ule mwengine wangu ni nani?

Akakohoa tena.

— Nakuja na Jephté leo, baba mudogo. Ukimufukuza, unatufukuza bote wawili.

Nilifikiri atakata.

— Mama yako alilia sana ile siku nilifunga maneno, akasema polepole. Nilikosa. Mukuje mbele ya mvua kunyesha.

Simu ikakatika. Godelive alikuwa anaita batu waingie pori. Jephté alisogea karibu, akaniuliza kama nilimungoja hata kidogo.

Kwa mara ya kwanza kiburi kilinitoka.

— Kila siku, nikamwambia.