Ufa Katika Mguu wa Dominika

Ndugu zangu wa uwandani na wa bondeni, msiniulize nyumba yenyewe ni ipi. Nisikilizeni tu.

Alfajiri za Chiwata, ukungu ulipojaa bondeni hata vilele vya mikorosho vikaonekana kuelea, Mwalimu Dominika alikuwa akikimbia. Miguu yake hakuisikia. Alisikia harufu ya maua ya korosho, na pumzi yake mwenyewe ikipanda na kushuka taratibu kama ya mtu aliyelala. Kisha alirudi, akachochea moto, akamwamsha binti yake Esther, wakaenda shule. Nyumba ilikuwa na amani.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua korosho. Mmoja wao, akitaka jina lake livume, alitangaza mashindano ya michezo mitatu: kuogelea bwawani upande wa Masasi, kuendesha baiskeli hadi chini ya mlima, kisha kukimbia kuupanda mpaka Newala. Washindi wangekwenda kushindana Dar es Salaam.

"Mama Esther, umezaliwa kando ya Ruvuma, maji unayajua," alisema mumewe, Gervas. "Nani atakuweza?"

Dominika akacheka. Lakini tangu siku hiyo aliota uwanja mkubwa, watu wakiliita jina lake. Akawa anakimbia alfajiri na jioni. Jumapili baiskeli mpaka Ndanda na kurudi. Kupumzika akakuona uvivu. Gervas naye akawa anatamba kilabuni: "Mke wangu hachoki!" Sifa, wenzangu, hulevya kuliko pombe.

Mwezi wa pili wa mazoezi, muundi wa mguu wa kushoto ukaanza kuuma. Kwanza akikimbia, halafu akitembea, mwisho hata akilala. Akaukanda kwa maji ya moto yenye chumvi, wapi! Akaenda hospitali.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwalimu." Daktari mzee akabonyeza mfupa, Dominika akaruka. Akampiga picha, akaitazama kwenye mwanga. "Mfupa umechoka. Una ufa mwembamba kama unywele. Pumzika miezi miwili, utapona kabisa. Ukikimbia, utavunjika."

Mashindano yalibakiza wiki tatu.

"Amesemaje?" Gervas aliuliza.

"Misuli tu," alijibu Dominika, akitazama pembeni.

Gervas alimwona akichechemea. Aliona, akanyamaza.

"Mama, usiende," alisema Esther.

"Nyamaza, mtoto!" walisema wote wawili kwa pamoja.

Siku ikafika. Maji yakampokea, yakambeba. Humo mguu haukuuma hata kidogo. Kwenye baiskeli akawaacha wenzake. Alipoanza kuupanda mlima kwa miguu alikuwa wa kwanza, na kelele za watu zilimjia kwa mbali, kama usingizini. Kona ya tatu, kitu kikalia ndani ya mguu mfano wa kijiti kikavu kikivunjika. Akaanguka.

Loveness wa Mnyambe, aliyekuwa nyuma yake, angeweza kupita. Hakupita. Aliketi vumbini, akampakata kichwa mpaka gari likaja, huku wengine wakiwapita.

"Baba Esther," Dominika alisema kitandani hospitali, "daktari alinikataza. Nilikudanganya."

Gervas akainama. "Nilikuona unachechemea. Nikaona afadhali nisiulize."

Mguu ulikaa kwenye plasta miezi minne. Gervas alipika, akachota maji, akamwogesha mkewe. Mikorosho yao haikupata salfa, dawa ya kukinga maua, kwa wakati, na maua mengi yakakauka. Mfupa uliunga, lakini ulipinda. Dominika hakukimbia tena.

Siku hizi anawafundisha wasichana wa shule yake riadha. Kabla ya mazoezi huwauliza mmoja mmoja, "Wapi panauma?" Anayesema kweli hukaa kivulini siku hiyo, wala hachekwi. Anayeficha, mwalimu humwita kando, akapandisha kidogo sketi yake mwenyewe, akamwonyesha muundi wake uliopinda.

FUNZO

Mwili ukilalamika, usiunyamazishe. Anayepumzika kwa wakati hukosa siku chache. Anayekaidi aweza kukosa maisha yake yote. Nasi tunaoshangilia, tuwe na macho: ukimwona mpendwa wako anachechemea, muulize, hata kama jibu litakunyima sifa.