Mafundo ya Mama

Kila jioni baada ya shule, Kimya alivua viatu mlangoni mwa duka la mjomba wake, fundi cherehani, na kukalia kigoda cha marehemu mama yake. Kazi ya mama ilikuwa kuchagua nyuzi. Sasa ilikuwa yake. Tangu mazishi, mle ndani ilisema cherehani tu.

Jioni moja mteja alitupa sketi mezani. "Fundi! Sketi ya kijani, pindo jekundu? Mwanangu anaenda shule au anaenda kuuza nyanya?"

Mjomba aliigeuza sketi mara mbili, akamgeukia mpwa wake. "Mjomba, uzi huu ulinipa wewe?"

"Si mimi," Kimya akajibu. Aliogopa kunyang'anywa kigoda. Mjomba akaomba radhi, akaanza kufumua.

Kesho yake mwalimu wa sayansi alichora jeni, vibeba urithi, ubaoni kwa chaki za rangi. "Kijani ni jeni tawala, nyekundu ni jeni fiche. Kimya, onyesha jeni fiche."

Akaonyesha ya kijani. Darasa likaangua kicheko. "Wee, macho umeazima?"

Kengele ilipolia, mwalimu alimwita. "Huoni tofauti ya rangi hizi?"

"Hapana, mwalimu. Nilidhani wenzangu wamezikariri."

"Huo ni upofu wa rangi, si ujinga. Jeni yake fiche hukaa kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, naye huipata kwa mama."

"Mama aliona rangi zote!"

"Mwanamke ana X mbili. Jeni tawala kwenye X moja iliifunika ile fiche kwenye nyingine. Aliibeba bila kuonekana."

Njiani Kimya aligusa kope zake. Kumbe alikuwa na kitu cha mama ambacho hakikuzikwa.

"Mjomba," alisema alipofika, "uzi ule nilikupa mimi. Nilidanganya. Kijani na nyekundu sizitofautishi."

Cherehani ikanyamaza. Mjomba alivuta kasha lenye mabaki ya nyuzi za zamani. Ncha ya kila uzi mwekundu ilikuwa na fundo moja. Ya uzi wa kijani, mawili.

"Mama yako alinifungia haya miaka yote. Hata mimi rangi hizo sizitofautishi. Nyuzi zake zilipokwisha, niliona haya kukuambia, nikategemea macho yako."

"Na mimi nikategemea yako!"

Wakacheka, kisha mjomba akafuta machozi. "Tulichorithi si kosa letu, mjomba. Kosa ni kukificha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi imetuumbua sketi."

Mteja alipofuata sketi yake, walimwomba awatajie rangi za nyuzi mpya, moja baada ya nyingine. Kimya, juu ya kigoda cha mama, akafunga mafundo.